Bibi Alipobaki Kwenye Benchi

Siku tuliyoanua matanga, mama na wadogo zake walikaa kwenye mkeka sebuleni wakagawana vitu vya bibi. Kanga zilienda huku, vyungu kule, na mimi nikapewa pasi yake ya mkaa, ile nzito yenye kijogoo cha chuma juu ya komeo. Nilipoifungua, jivu la zamani lilinimwagikia kwenye sketi, na pamoja nalo ikatoka harufu ambayo sikuwa nimeinusa tangu utotoni: wanga wa muhogo ulioungua kidogo kwenye kitambaa. Nikanyanyuka, nikatoka nje, nikakaa kwenye jiwe nyuma ya nyumba mpaka mama aliponifuata.

Kila aliyekuja msibani alisema jambo lilelile, kwamba Bibi Rejina alikuwa mtu wa kanisa. Ni kweli. Aliishi miaka mingi hata akawazika watu aliowabeba mgongoni, na katika miaka yote hiyo sijui Jumapili aliyolala nyumbani, labda awe mgonjwa wa kushindwa kusimama. Lakini wengi wa waliosema hivyo walimjua uzeeni, alipokuwa akikalishwa benchi la mbele kwa heshima. Mimi nilimjua alipokuwa akikaa nyuma.

Niliishi naye tangu nikiwa na miaka sita. Mama yangu alikuwa mwalimu, akahamishiwa Ukerewe, na huko nyumba ya kuishi hakuwa amepata, basi akaniacha Buswelu kwa wazazi wake. Buswelu hiyo haikuwa hii ya leo ya lami na mageti. Ilikuwa mashamba ya mihogo na viazi yaliyobanwa katikati ya mawe makubwa, na ukipanda juu ya mawe hayo unaliona ziwa kwa mbali. Babu Masanja alikuwa na ng'ombe wake na bibi alikuwa na kanisa lake. Ndivyo nilivyoigawa dunia kichwani mwangu. Babu hakwenda kanisani, na sikuona ajabu, kwa sababu bibi naye hakuwa akienda machungani.

Jumamosi ilikuwa siku ya vitambaa vya altare. Bibi alivileta kutoka kanisani vimefungwa ndani ya kanga safi, akavifua peke yake kwenye beseni ambalo halikutumika kwa kazi nyingine. Kisha alichemsha wanga wa muhogo mpaka ukawa kama uji mwepesi, akavichovya, akavianika, na jioni akavipiga pasi akiwa amejifunga kitambaa kichwani kama mtu anayekwenda mahali. Mimi kazi yangu ilikuwa kupepea mkaa. Sikuruhusiwa kuvigusa. "Mikono yako ina michembe," aliniambia, na kweli mara nyingi nilikuwa nimetoka kuitafuna michembe, vile vipande vikavu vya viazi vitamu, iliyokaa mfukoni mwangu siku zote.

Kanisa letu lilikuwa la matofali ya kuchoma, halina dari, na popo walining'inia kwenye kenchi za paa. Tulikaa benchi la mwisho upande wa akina mama. Sehemu ya misa niliyoipenda ilikuwa pale watu walipoanza kwenda kukomunika. Benchi baada ya benchi walisimama wakaenda mbele mikono imeunganishwa, na walipofika kwetu, bibi aligeuza magoti yake pembeni ili wenzake wapite. Na kila aliyepita alimwachia kitu.

"Mama Rejina, nishikie."

Huyu mkoba, yule mwavuli, mwingine hata mtoto mchanga. Bibi alipokea vyote, akavipanga mapajani, akabaki ameketi wima, midomo ikicheza polepole. Mimi nilikaa ubavuni mwake nikiwa nimevimba kwa fahari. Nilimwambia mwalimu wangu wa darasa la pili kwamba bibi yangu ana cheo kanisani, yeye ndiye mlinzi wa mali za watu, na ndiyo maana hawezi kwenda mbele kama wengine. Mwalimu alinitazama kwa muda, akasema, "Hongera."

Fahari hiyo ilidumu mpaka nilipoanza mafundisho ya komunyo ya kwanza. Katekista wetu alikuwa mtu mwembamba, mwema, aliyekuja kwa baiskeli na kutufundisha tukiwa tumekaa chini kwenye kivuli cha ukuta wa kanisa. Siku moja akatueleza kwamba mwenye dhambi kubwa haruhusiwi kupokea. "Ukimwona mtu yuko kanisani miaka nenda rudi na hapokei," akasema, "ujue ana jambo."

Mtoto mmoja akauliza, "Dhambi kubwa kama ipi?"

"Kama kuua mtu," katekista akasema, na akaendelea na somo.

Mimi sikuendelea. Wiki ile yote nilimchunguza bibi. Nilimwona akimnyonga kuku kwa kumzungusha mara moja tu, bila hata kukunja uso. Nilimwona akimpasua sangara mkubwa kuliko mimi, damu ikimfika viwikoni, huku akiimba wimbo wa Bikira Maria. Nilijiuliza ni nani aliyemuua, na wapi alimficha, na kama alikuwa akijua kwamba atachomwa moto. Usiku sikulala vizuri. Siri ile ilikuwa nzito mno kwa mtoto wa miaka minane, basi nikaigawa nusu kwa rafiki yangu Kabula, tukiwa kwenye foleni ya maji bombani. Nilimwapisha asimwambie mtu. Akaapa kwa kulamba kidole.

Haikupita siku ya pili, mama yake Kabula akatokea nyumbani kwetu mchana, amebeba ungo aliokuwa ameazima. Bibi alikuwa uani anamenya mihogo, mimi nikiwa karibu. Babu alikuwa mlangoni pa zizi anasokota kamba.

"Shikamoo, Mama Rejina."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, keti."

"Sikai. Nimerudisha ungo. Na nina swali, lakini usinikasirikie." Tayari alikuwa ameanza kucheka. "Mjukuu wako anawaambia wenzake kwamba umeua mtu."

Bibi naye akacheka, mpaka kisu kikamponyoka. "Mimi? Nimeua nani tena?"

"Hakumtaja. Anasema ndiyo maana hukomuniki."

Kicheko cha bibi kikaishia hapo. Aliinama akaokota kisu, akakifuta kwenye kanga, akaendelea kumenya. Mama Kabula alijua amesema jambo baya, akaaga haraka, akaondoka na ungo uleule aliokuja kuurudisha.

"Njoo hapa," babu akaita. Sauti yake haikuwa kubwa. Nilikwenda nikasimama mbele yake nikitazama vidole vyangu vya miguu.

"Nani kakwambia asiyekula ule mkate ameua?"

"Katekista."

"Alimtaja bibi yako?"

"Hapana, babu. Alisema tu."

Babu alimtazama bibi. Bibi hakuinua kichwa. "Mwache mtoto, Baba Tereza," akasema. Tereza ni mama yangu. "Hana kosa kwa kusikia anachofundishwa."

"Bibi yako hajaua hata panya," babu akaniambia. "Kama kuna mwenye kosa, ni mimi." Kisha akaitupa ile kamba begani, akafungua zizi, akawatoa ng'ombe saa ambayo si yao ya kutoka.

Nilianza kulia. Bibi akanivuta nikae kando yake, na huku akimenya akanieleza, kwa maneno machache, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda dukani. Babu alimuoa kwa mila. Ng'ombe walitoka, ngoma ilipigwa, wazee wa pande zote mbili walikula wakashiba. Lakini bibi alikuwa amebatizwa tangu msichana, akataka ndoa yake ibarikiwe pia, na babu hakukataa. Wakaenda pamoja kumwona padri wa wakati huo, mtu wa mbali, mkali. Palikuwa na foleni ya watu. Mbele ya watu hao wote padri akamwambia babu kwamba mwanamke huyu si mke wake, anaishi naye kama kimada tu, na kwamba kwanza watengane ndipo waje kuzungumza. Bibi alikuwa na mimba ya mama yangu.

"Babu yako alinishika mkono tukatoka," bibi alisema. "Nje akaapa kwa jina la baba yake kwamba hatakanyaga tena ndani ya kanisa. Na Msukuma wa zamani akiapa kwa baba yake, mambo yameisha."

"Na wewe?"

"Mimi sikuapa."

Bila ndoa ya kanisani hakuruhusiwa kupokea. Basi alikwenda, akaimba, akafua vitambaa, akawazaa watoto saba na kuwabatiza wote, akawapeleka mmoja mmoja kwenye komunyo yao ya kwanza, na kila Jumapili akageuza magoti pembeni wenzake wapite.

"Sasa wakienda mbele, wewe unafanya nini?" nikamwuliza.

"Nawaombea," akasema. Kisha akatabasamu kidogo. "Na nashika mikoba."

Nikamwambia kwamba kama ni hivyo, na mimi sitapokea. Nitabaki naye kwenye benchi. Nilidhani atanikumbatia. Badala yake alinishika sikio, kwa mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwake, akalivuta hasa. "Usinifanyie huo upuuzi," akasema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nimekungoja miaka miwili uifikie siku hiyo. Utakwenda mbele, utafungua mdomo, utapokea. Umenisikia?"

"Nimesikia, bibi."

Gauni langu jeupe lilishonwa na fundi wa Mabatini, na mama akavuka ziwa kutoka Ukerewe akaja na soksi nyeupe. Jumapili ile tuliingia kwa mstari, wasichana upande huu, wavulana ule. Nilipokea. Nilipokuwa nikirudi mahali pangu, nikijitahidi nisiuguse ule mkate kwa meno, nikaona kofia ya babu.

Madirisha ya kanisa letu hayakuwa na vioo, yalikuwa matundu ya matofali tu. Babu alikuwa amesimama nje, ukutani, fimbo kwapani, uso wake umekatwa vipande na yale matundu. Hakukanyaga ndani. Kiapo kilikuwa palepale. Nilitaka kumpungia mkono, lakini nikagundua kwamba hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa akitazama benchi la mwisho.

Sisi watoto tulikuwa tumeshapita, na sasa ilikuwa zamu ya wakubwa. Mama alipita mbele ya bibi, akina mama wengine wakafuata, na Mama Kabula akamwachia mtoto. Benchi zima likawa tupu, akabaki yeye katikati, mikoba minne mapajani, mtoto wa watu begani, midomo ikicheza. Hakumwona babu. Mimi niliwaona wote wawili, na nadhani ile ndiyo siku niliyoacha kuwa mtoto mdogo kabisa, ingawa sikujua nimeona nini.

Tulipotoka, babu hakuwapo. Nyumbani tulimkuta amekaa kwenye kigoda chake. Akanisifu gauni, akala matonge mawili ya ugali, akanawa.

Siku zikapita. Mama akarudi Ukerewe. Jioni moja tukiwa tunakula, sisi watatu, babu akamwita bibi kwa jina lake. Sikuwa nimewahi kumsikia akilitaja. Siku zote ilikuwa Mama Tereza.

"Rejina. Huwa ni hivyo kila Jumapili?"

"Hivyo vipi?"

"Unabaki peke yako."

Bibi alikuwa akikwangua sufuria. Aliendelea kukwangua. "Nimezoea," akasema.

"Sikukuuliza kama umezoea."

Bibi aliacha kukwangua. Aliinuka akaingia chumbani na hakutoka tena, na babu akaosha vyombo, jambo ambalo lilinishangaza kuliko yote niliyokwisha kuyaona.

Kesho yake babu alimsimamisha katekista njiani, akashika usukani wa baiskeli yake. "Mwambie padili wenu aje kwangu," akasema. Ulimi wake wa Kisukuma haukuwahi kupatana na herufi r. "Mimi siwezi kwenda kwake. Yeye anaweza kuja."

Padri akaja kwa pikipiki. Huyu alikuwa kijana, mtu wa Magu, na kabla hajaketi alimwamkia babu shikamoo kwa kuinama. Babu akaitikia marahaba, akamwonyesha kiti. Bibi alikuwa ameshika birika la uji, hajui aweke wapi.

"Kuna neno lilisemwa na mwenzako juu ya mke wangu," babu alianza. "Nataka aliyelisema aje alifute."

"Mzee, nimelisikia kwa katekista. Lakini padri yule alishafariki, miaka mingi."

"Basi lifute wewe. Si mmevaa kanzu moja?"

Nilidhani padri atakasirika, atawasha pikipiki aende. Akasimama. "Mzee Masanja, kwa niaba yake na yangu, naomba unisamehe."

"Si mimi," babu akasema. Alinyoosha fimbo. "Aliyeitwa lile jina ni yule pale."

Padri akageuka. Bibi alitaka kukimbia, niliona miguu yake ikitaka. Kijana yule akamsogelea, akavua kofia. "Mama, ulitukanwa mahali ulipokuja kutafuta baraka. Naomba utusamehe."

Bibi alijifunika uso kwa upande wa kanga. Tulingoja. Chini ya kanga ile mabega yake yalitikisika, na babu akatazama pembeni, akajikohoza. Hatimaye sauti ikatoka, nyembamba: "Padri, kaa basi. Uji unapoa."

Babu hakubatizwa, wala padri hakumlazimisha. Ilitafutwa ruhusa ya askofu waoane hivyohivyo, barua ikaja. Ndoa ikatangazwa kanisani Jumapili tatu, na kila ilipotangazwa vijana walicheka chinichini na bibi akatazama sakafu kama msichana. Siku moja kabla ya ndoa alikwenda kuungama, akakaa muda mrefu mpaka mimi na Kabula tukasinzia nje.

Siku yenyewe, Jumamosi, babu alivaa koti la kuazima na makatambuga yake ya tairi. Pale mlangoni alisimama. Aliutazama ule ukingo wa saruji kama mtu anayetazama maji asiyoyajua kina. Bibi hakumvuta. Babu akainua mguu, akaingia.

Padri alipomwuliza kama amemkubali Rejina awe mke wake, babu akageuka akatuonyesha benchi zima la wanawe. "Padili, watoto saba hao. Unauliza nini tena?"

Kanisa zima likaangua kicheko. "Sema tu ndiyo, mzee," padri akamsihi, naye akishindwa kujizuia.

"Ndiyo."

Bibi alijibu kwa sauti ndogo hata padri akalazimika kuinama kumsikia.

Ulipofika wakati wa komunyo, bibi akamwachia babu mkoba wake, akaenda mbele peke yake. Hakulia. Waliolia walikuwa wengine: mama yangu, Mama Kabula, katekista mwenyewe. Bibi alirudi akapiga magoti kando ya babu, akafunika uso. Nyimbo ziliimbwa zikaisha. Padri akatubariki, watu wakatoka nje kwenye wali na nyama, na bibi bado yuko palepale. Babu alikaa na ule mkoba mapajani, hajui afanye nini. Nilikuwa karibu nao, ndiyo maana nilimsikia alipoinama na kumnong'oneza: "Rejina, watu wana njaa."

Waliishi hivyo miaka kadhaa zaidi. Kila Jumapili babu alimsindikiza mpaka mlangoni, kisha akakaa nje na wazee wenzake wasiosali, wakizungumza habari za mvua. Alipofariki, bibi alimvalisha mwenyewe. Yeye aliendelea kuishi, miaka mingi, mpaka magoti yakakataa, ikabidi padri awe anamletea komunyo nyumbani kila Ijumaa. Mapadri walibadilika, Ijumaa haikubadilika.

Mimi nimekuwa mtu mzima nikimsimulia bibi huyu kwa marafiki zangu kama mfano wa subira. Nilimwambia hivyo mwenyewe, mwezi mmoja kabla hajatutoka, siku moja ya Ijumaa nilipoomba ruhusa kazini nikaenda kumwona. Nilimwambia kwamba sijawahi kuona mtu mvumilivu kama yeye, asiyekasirika.

"Nani hakukasirika?" akasema. Alikuwa amelala ubavu, mwepesi kama mtoto. "Nilikasirika sana. Kuna mwaka nilikataa kufua vile vitambaa. Vikakaa wiki mbili."

"Halafu?"

"Halafu nikavifua. Vilikuwa vichafu."

Tulicheka, akakohoa, nikamnywesha maji. Nikamwuliza kwa nini hakuacha kimoja, ama kanisa ama babu, apumzike.

"Nilikuwa nawapenda wote, na wote walikuwa wakaidi," akasema. "Nikasema ngoja nikae hapa katikati, nione nani atatangulia kuchoka."

"Aliyetangulia ni nani?"

Alifumba macho, nikadhani amesinzia.

"Ni mimi," akasema. "Nilichoka mapema kabisa, mjukuu wangu. Ila hakuna aliyeniuliza."

Nilimshika mkono, na yeye akauacha mkononi mwangu. Nje tukasikia pikipiki ya padri ikipanda kilima, na bibi akauchomoa mkono wake, akaanza kupapasa chini ya mto akitafuta kitambaa chake cha kichwa.